Saratani ya tumbo iliyowahiwa: nani anafaa kutolewa kwa mpira, nani apelekwe kwa mpasuaji?

MpiraNaKamera (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kwenye uzi wa vidonda vya tumbo wiki iliyopita kuna mdau aliuliza swali nikaliacha njiani, maana jibu lake haliingii kwenye mistari mitatu. Aliuliza: kama saratani imewahiwa, kwa nini mwingine anatolewa kwa mpira wa kooni wenye kamera (endoskopia) na baada ya siku mbili anakunywa uji, mwingine anakatwa nusu ya tumbo? Ni pesa?

Pesa imo, sikatai. Ila hata mkiitoa pesa kwenye hesabu, wapo wagonjwa wasiofaa kufanyiwa kwa mpira, hata daktari awe fundi kiasi gani. Nafanya kazi chumba cha endoskopia hapa Dar, na niliwahi kukaa miezi kadhaa Tokyo nikijifunza kazi hii. Naandika ninavyoielewa, walio patholojia (wanaosoma vinyama kwa hadubini) na upasuaji mnisahihishe.

Tuanze na neno "kuwahi". Ukuta wa tumbo una tabaka. Ndani kabisa, panapogusana na chakula, kuna utando laini. Chini yake kuna tabaka legevu lenye mishipa ya damu na ya limfu. Halafu msuli, halafu ngozi nyembamba ya nje. Mwaka 1962 Wajapani walikubaliana kwamba saratani iliyoishia kwenye tabaka mbili za mwanzo, haijagusa msuli, iitwe ya mapema. Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Ya mapema haina maana kwamba tezi za limfu, vile vinundu vya jirani ambako saratani hukimbilia, ziko salama. Zinaweza kuwa zimeshaguswa na bado ikaitwa ya mapema.

Sasa mpira unafanya kazi ndani ya tumbo tu. Nachoma maji ya chumvi yenye rangi ya buluu chini ya doa lenye saratani, linanyanyuka kama lengelenge, nalizungushia mkato, kisha nalichuna taratibu kutoka chini mpaka litoke kipande kizima. Tezi zilizoko nje ya ukuta sizifikii. Mpasuaji yeye anaondoa sehemu ya tumbo pamoja na tezi zake. Kwa hiyo nikiletewa mgonjwa, kulikata doa najua nitalikata. Kinachoninyima usingizi ni kama mbegu imeshatorokea kwenye tezi nisizoziona. CT (mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili) nayo haioni chembe chache ndani ya tezi ambayo haijavimba.

Walijuaje basi? Walirudi kwenye matumbo ambayo yalishakatwa. Mwaka 2000 Gotoda na wenzake wa Tokyo walitoa hesabu ya watu 5,265 waliofanyiwa upasuaji mkubwa wa saratani ya mapema, tezi zao zikachunguzwa. Wakaanza kuuliza: ni kina nani ambao tumbo lilikatwa na tezi zote zikakutwa safi?

Yakajitokeza mambo manne. Kina (limeshuka mpaka tabaka gani), aina ya seli, ukubwa wa doa, na kama lina kidonda au kovu la kidonda.

Aina ya seli inahitaji maelezo. Kuna saratani ambazo seli zake bado zinajipanga kama vijitezi vya kawaida vya tumbo, nitaziita zilizopangika. Na kuna ambazo seli zimesambaratika, kila moja kivyake, nyingine zikiwa na umbo la pete ya muhuri. Hizi za pili zina tabia ya kupenya chini kwa chini, juu unaona utando kama mzima.

Wenye aina iliyopangika, ndani ya utando, isiyozidi sentimita 3, iwe na kidonda au haina, walikuwa 1,230. Tezi zilizokutwa na saratani: sifuri. Wenye aina hiyohiyo, hawana kidonda, doa la ukubwa wowote, walikuwa 929. Sifuri tena. Wenye aina iliyosambaratika, ndani ya utando, isiyozidi sentimita 2, hawana kidonda, walikuwa 141. Nao sifuri.

Msizichukulie sifuri hizi kuwa sawa. Ukinunua trei ya mayai, ukapasua matatu yote mazima, huwezi kuapa kuhusu yaliyobaki. Ukipasua ishirini na tisa, angalau una la kusema. Sifuri ya watu 1,230 kitakwimu ina dari, yaani hatari halisi haitarajiwi kuzidi, asilimia 0.3, ila sifuri ya watu 141 dari yake ilikuwa 2.6. Ndiyo maana kundi hili la mwisho lilisubirishwa miaka mingi. Baadaye walikusanywa 310, bado sifuri, dari ikashuka chini ya asilimia 1.

Mwanzoni walioruhusiwa kufanyiwa kwa mpira walikuwa wachache: aina iliyopangika, ndani ya utando, sentimita 2 kushuka, hakuna kidonda. Sababu mojawapo ilikuwa kifaa. Njia ya zamani ya kitanzi ilishindwa kutoa doa kubwa kwa kipande kimoja. Miaka ya 1990 Kituo cha Taifa cha Saratani cha Tokyo wakatengeneza kisu chenye kijipira cha kauri kwenye ncha ili kisitoboe ukuta, na kuanzia hapo madoa makubwa yakawa yanatoka mazima. Wakawafuatilia wagonjwa 470 wenye madoa makubwa kidogo au yenye kidonda kisichozidi sentimita 3, na matokeo yalipotoka mwaka 2018, waliokuwa hai baada ya miaka mitano walikuwa asilimia 97. Kundi la seli zilizosambaratika lilifuatiliwa kivyake likapata asilimia 99.3. Sasa yote hayo yamo kwenye miongozo yao.

Naingia zamu. Maswali yawekwe, nitarudi.

Kisiki_cha_Mpingo

Mkuu umeshuka vizuri, ila tuseme ukweli. Kwetu nani anakutwa na doa la sentimita 2? Mtu anafika hospitali hapitishi hata maji. Hizi ni hadithi za Wajapani.

MpiraNaKamera

@Kisiki_cha_Mpingo kwa sehemu kubwa uko sahihi, na sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Korea Kusini tangu 1999 wana mpango wa taifa, ukifika miaka 40 unaitwa kila baada ya miaka miwili. Doa changa halina dalili, linapatikana kwa kutafutwa. Sisi tunangoja mpaka lijitangaze.

Ila kuna kitu chetu wenyewe nataka nikiseme. Mtu kiungulia kinamsumbua, anaenda duka la dawa, anapewa omeprazole, anapata nafuu. Miezi sita anarudia. Wengi hawajui kwamba kidonda cha saratani ya mapema kinaweza kujifunga kwa dawa hizo na utando ukaota juu yake. Mgonjwa anafurahi, na sisi tukiingiza mpira tunaona kovu dogo tunalipita. Ndiyo maana kidonda cha tumbo lenyewe, hasa kwa mtu wa makamo, kinarudiwa kupimwa baada ya dawa na kinanyofolewa vinyama hata kama kimepona. Na kovu ni lilelile jambo la nne nililotaja. Linahesabiwa.

Wachache tunawapata, na wanaongezeka kadiri mashine zinavyoenea mikoani. Shida ni kwamba akipatikana mmoja, kila mtu anataka amfanyie kwa sababu ni kazi ya kupendeza kupiga picha.

BibiOsaka

Habari za nyumbani jamani. Naishi Osaka mwaka wa 11, nimeolewa huku. Uzi huu umenikumbusha baba mkwe wangu.

Ana miaka 73, haumwi kitu, analima figili zake. Ikaja barua ya manispaa, huku ukivuka miaka 50 wanakuita kupimwa tumbo. Akaenda kwa kunung'unika. Wakaona doa. Alivyotueleza jioni, lilikuwa kama alama inayobaki kikombe cha chai kikiwekwa kwenye kitambaa.

Kilichonishangaza ni kwamba hawakukimbilia kukata. Alirudishiwa mpira mara ya pili, daktari peke yake na muuguzi, karibu saa nzima. Wakanyunyiza maji ya buluu, wakawasha mwanga mwingine wa kijani kijani, wakakuza picha mpaka unaona vijishipa. Kila kitu wakachora kwenye karatasi. Wakamuuliza dawa zote anazomeza, wakazikalia sana zile za kulainisha damu.

Siku ya kazi tulikaa nje saa mbili. Daktari akatoka na kijiubao, kile kipande kimechomekwa pini pande zote, kimewambwa kama ngozi ya ngoma. Mama mkwe akavaa miwani, akainama, akauliza, "Ni hiki tu?" Kilikuwa kama biskuti ndogo, rangi ya ulimi.

Tukadhani yameisha. Daktari akasema, "Jibu litatoka kwa patholojia, mnisubiri." Zile wiki mbili ndizo zilikuwa ngumu kuliko siku ya kukata.

Hadubini

Niko patholojia, na nimefurahi dada wa Osaka ametaja zile pini.

Kipande kikitumbukizwa kwenye fomalini bila kuwambwa kinajikunja kama korosho. Nikikipokea hivyo, sijui pembeni ni wapi wala chini ni wapi, na hayo ndiyo mnaniuliza! Kikiwambwa vizuri nakikata vijipande vya milimita 2 vyote, hakibaki kitu, nachora ramani. Natazama kama kingo ni safi. Natazama kama kuna seli zimeingia kwenye mishipa ya limfu au ya damu. Na kama imevuka utando, napima imeshuka kiasi gani. Mpaka ni nusu milimita. Chini ya hapo, kwa aina iliyopangika isiyozidi sentimita 3 na mishipa ikiwa safi, bado inahesabiwa imepona. Ikivuka nusu milimita, habari nyingine.

Na tafadhali msiniletee vipande vitano ndani ya chupa moja mkisema "tumetoa yote". Mimi si mchezaji wa fumbo la picha.

Lingine: kinyama cha kwanza kabisa, kile cha kunyofoa, kinanipa aina ya seli. Kina hakinipi. Na kinaweza kudanganya hata aina, maana doa moja linaweza kuwa limechanganyika, nyie mkanyofoa kona iliyopangika tu.

MpiraNaKamera

@Hadubini umemaliza. Niongezee hapo, maana watu wengi wanafikiri mgonjwa anachaguliwa mara moja. Anachaguliwa mara mbili. Mara ya kwanza kwa macho, kabla ya kukata, na macho hukosea. Mara ya pili kwa ripoti ya patholojia, na hiyo ndiyo yenye neno la mwisho. Ile ya kwanza ni tiketi ya kuingia tu.

Wajapani ripoti ikirudi mbaya wana hesabu ya alama. Seli zikiwa kwenye mshipa wa limfu, alama 3. Doa kuzidi sentimita 3, alama 1. Kushuka zaidi ya nusu milimita, 1. Mshipa wa damu, 1. Ukingo wa chini kuwa na saratani, 1. Ukipata 0 au 1, uwezekano wa tezi kuguswa ni karibu asilimia 2.5. Alama 2 hadi 4, asilimia 6.7. Alama 5 hadi 7, asilimia 22.7. Hizo zilitokana na wagonjwa 1,101 ambao baada ya mpira walipelekwa kwa mpasuaji, tezi zikatazamwa kweli.

Nilishuhudia moja kule. Mzee wa miaka 84, doa zuri, wote chumbani tulisema limo ndani ya utando, na mimi nilitikisa kichwa pamoja nao. Ripoti ikarudi: limeshuka kupita nusu milimita, na mshipa wa limfu umeingiwa. Alama 4. Miongozo inasema mpasue. Wakamwita na mwanawe, wakamwekea namba mezani. Akauliza mapafu yake yalivyo atakaa wodini muda gani, na uwezekano wa kutotoka ukoje. Akafikiri. Akasema asilimia 93 zinamtosha, anataka kurudi kwenye bonsai zake. Hakuna aliyemlazimisha. Wakaandika, wakampangia CT na mpira kila baada ya miezi kadhaa. Sikubaki kujua mwisho wake.

Angekuwa na miaka 50, mapafu mazima, ushauri ungekuwa mwingine kabisa kwa ripoti ileile.

Tiba_Asilia_Original

Wadau acheni kuteseka na mipira. Nina mizizi inayoyeyusha uvimbe wa tumbo siku 21. Inbox.

MpiraNaKamera

Mods, huyu tafadhali. Na wewe ndugu, siku 21 zako ndizo zinazotuletea watu wa kwa @Kisiki_cha_Mpingo.

Binti_Pangani

Shikamoo daktari. Nimesoma mpaka hapa mikono inatetemeka. Baba yangu miaka 66, yuko Tanga. Alipata choo cheusi kama lami, wakampima kwa mpira. Ripoti inasema kidonda cha sentimita 2.5 sehemu ya chini ya tumbo, na kinyama kimetoka saratani yenye seli za pete. Daktari aliyempima amesema inaonekana ya mapema na akamwandikia rufaa kwa mpasuaji. Shemeji yuko Muscat, ameona video, anasema asikatwe, tumpeleke India ikatolewe kwa mpira. Ukoo umeshaanza kuchanga. Tufanye nini?

MpiraNaKamera

Marahaba binti, pole sana na mpe baba pole.

Sijamwona mzee, kwa hiyo sitoi hukumu hapa. Ila soma ripoti yako pamoja na niliyoandika juu. Seli za pete ni ile aina iliyosambaratika. Kwa aina hiyo mlango wa mpira uko wazi kwa doa lisilozidi sentimita 2 na lisilo na kidonda. La baba lina 2.5, na lina kidonda. Limekosa mara mbili. Hata akipelekwa Tokyo kwenyewe, kwa ripoti hii nategemea wangemkabidhi kwa mpasuaji. Aliyemwandikia rufaa hakumnyima kitu.

Shemeji ana nia njema. Lakini hospitali ikikubali kumtoa kwa mpira bila kuuliza aina ya seli na kidonda, hiyo ndiyo ya kuiogopa. Kabla ya kutuma hela yoyote, tumeni ripoti ya mpira yenye picha, ripoti ya kinyama, na CT. Muwaulize kwa maandishi: ikitoka, patholojia ikisema haijapona, mtamfanyia nini? Wakijibu "haitatokea", kaeni mbali.

Pesa mlizochanga msizirudishe. Zitahitajika kwenye CT, damu, na wiki za kwanza baada ya upasuaji.

Nesi_wa_Usiku

Daktari na hawa wa dawa za kulainisha damu? Juzi tumepokea mama mmoja alimeza aspirini asubuhi ya kipimo.

MpiraNaKamera

Kwa kipimo na kinyama kimoja, aspirini peke yake kwa kawaida haituzuii. Kwa kuchuna, tunabaki na kidonda kikubwa cha kutengenezwa, na kutoka damu baadaye kunawapata karibu watu 5 kati ya 100, zaidi kwa wanaotumia dawa hizo. Hatumwachishi dawa hizo mtu mwenye kifaa kwenye moyo bila kumwuliza daktari wake wa moyo. Ukizuia damu tumboni ukamletea kiharusi, umefanya nini? Kutoboka ukuta nako kupo, asilimia chache, mara nyingi tunabana na klipu palepale.

Na kwa waliotolewa kwa mpira, bakteria wa tumbo, helikobakta, apimwe na atibiwe. Tumbo lililobaki ni lilelile lililoota doa la kwanza. Utafiti wa Korea uliotoka 2018 uliwapa wagonjwa nusu dawa za kumwua bakteria na nusu vidonge visivyo na kitu. Doa jipya likawatokea asilimia 7.2 ya waliotibiwa na asilimia 13.4 ya wengine. Kwa hiyo hata waliotibiwa wanarudi kwenye mpira kila mwaka.

BibiOsaka

Baba mkwe alipewa hizo dawa, wiki nzima mdomo mchungu kama muarobaini. Ripoti yake ilitoka safi. Kila Oktoba anarudi, na bado ananung'unika.

Binti_Pangani

Daktari nimerudi. Tumemwona mpasuaji jana. CT imefanyika, tezi hazijaonekana kuvimba, lakini amesema maneno yako yaleyale, kwamba CT haioni kila kitu. Ataondoa sehemu ya chini ya tumbo pamoja na tezi, Jumanne ijayo. Shemeji nimemsomea uzi huu kwa simu, amenyamaza, kisha akasema atakuja mwenyewe. Baba ana swali moja tu: ataweza kula ugali tena?

MpiraNaKamera

Mwambie atakula. Wiki za mwanzo vitu laini, milo midogo mara tano au sita kwa siku, atafune sana, asishushie na maji mengi. Ugali utarudi, ila tonge zitapungua. Mkumbushe mpasuaji kuhusu vitamini B12 kwenye kliniki za mbele.

Na muombe ripoti ya patholojia ya tezi, nakala yenu, mkae nayo nyumbani. Ikitoka iweke hapa ukipenda, @Hadubini atatusomea.

Hadubini

Nipo. Iletwe na ukurasa wa pili, wengi huuacha.